Karatasi za Waliopoteza Barua

Mtu mmoja alikuwa na barua, akaipoteza. Jina lake Longino Mligo, mkulima wa viazi mviringo huko kwenye nyanda za baridi, ambako mianzi inagemwa pombe ya ulanzi tangu mvua zinapoanza mpaka zinapokatika. Alikuwa na mke aliyeitwa Oresta, na Oresta alikuwa na ukungu machoni. Ulianza jicho la kushoto, ukaja la kulia, na kufikia msimu ule alikuwa akichagua maharage kwa vidole. Mjukuu wake wa kwanza, aliyepewa jina lake, alikuwa na miezi minane, naye Oresta hakuwa ameiona sura yake. Alikuwa akimpapasa pua na masikio na kuuliza amefanana na nani.

Tabibu wa zahanati yao, mtu mkali, wa maneno machache, alimpima akasema ni mtoto wa jicho. Akaandika barua ya rufaa. Akasema madaktari wa macho watafika hospitali kubwa kwa siku tatu tu, na wakiondoka hawarudi mpaka mwakani. Akasema pia kwamba jicho la kulia likingoja mwaka mzima mwingine, hakuna atakayeweza kulisaidia. Longino akaitia barua mfuko wa ndani wa koti, akashukuru, akaondoka.

Njiani mvua ikamkuta, naye akajibanza kilabuni. Humo aliwakuta rafiki zake, na rafiki wakiwa na ulanzi huwa hawana haraka. Mmoja alikuwa na tumbaku ya kusokota, ila hakuna aliyekuwa na karatasi. Longino, mtu mkarimu, akaingiza mkono kwenye koti akatoa karatasi, akaichana vipande, akagawa. Alikuja kujua ni karatasi gani alipofika nyumbani na kulitundika koti. Mfuko ulikuwa mtupu, una vumbi la tumbaku tu. Barua ya macho ya mkewe alikuwa ameivuta, na moshi wake ameupuliza huku anacheka.

Msiwe wepesi kumcheka. Kila mmoja wetu hapa ana kitu alichopewa akitunze, akakichana bila kukitazama.

Longino hakusema. Kurudi kwa tabibu kuomba barua ya pili kulimaanisha kueleza ya kwanza ilikwenda wapi, na hilo mdomo wake ulilikataa. Kumwambia Oresta ilikuwa vigumu zaidi. Basi asubuhi akavaa koti lilelile, akamshika mke wake mkono, wakapanda gari. Moyoni alijiambia kwamba mbele ya safari patapatikana la kusema. Safari ilikwisha, la kusema halikupatikana.

Hospitali ile ilikuwa na mlango mmoja mkubwa, na ndani ya mlango, mahali ambapo hupiti bila kuonekana, palikuwa na meza. Juu yake palitundikwa kibao: MAELEZO NA USHAURI KWA WAGONJWA NA WAGENI. Penye meza hiyo palikuwa na mwanamke wa makamo, Bi. Mwanaidi, mwenye sweta ya buluu. Hakuwa na dawa, hakuwa na kisu wala funguo za chumba chochote. Kazi yake ilikuwa kujua njia. Alijua ni siku gani mifupa inatazamwa na siku gani watoto, alijua choo kipi kina maji, na alijua jinsi ya kumweleza mtu neno la daktari mpaka likamwingia. Alikuwa na desturi moja ambayo wenzake waliizoea na kuicheka: hakuwahi kuonyesha njia kwa kidole. Ukimuuliza maabara iko wapi, aliinuka akaenda nawe mpaka mlangoni pa maabara. Kiti chake alikuwa ameletewa miaka mitatu nyuma, na bado kilikuwa na nailoni ya dukani. Viatu vyake vilikuwa vimelika visigino.

Longino aliiona meza ile akiwa nje. Aliwaona watu wakisimama mbele yake wakitoa barua mifukoni, na yule mwanamke akizisoma. Akaamini kwamba hapo ndipo barua zinapokaguliwa na wasio nazo wanarudishwa kwao. Hakuuliza kama ndivyo. Kama angeuliza, angeambiwa kwamba tangu meza iwekwe pale hakuna aliyerudishwa. Badala yake alimvuta Oresta pembeni, akazunguka jengo, akapata upenyo nyuma, kwenye kufulia, ambako mashuka ya wagonjwa yalianikwa kamba kwa kamba. Wakapita katikati ya mashuka mabichi. Longino aliyaona akayainamia. Oresta hakuyaona, yakampiga usoni.

"Baba Imelda," akasema, "mbona tunapita kwenye nguo?"

"Njia ya mkato, mama."

Oresta akajifuta maji usoni kwa khanga, akaendelea kumfuata. Imelda ni binti yao, mama wa yule mjukuu.

Benchi la macho lilikuwa refu, limeegemea ukuta wa ukumbi kuanzia mwisho mpaka mlango wa daktari. Hapakuwa na namba. Ukifika unakaa mkiani, na kila anapoingia mmoja, wote mnasogea. Mlangoni alisimama nesi aliyepokea barua. Longino alikaa mkiani na mkewe, wakasogea, wakasogea, mpaka wakabaki watu watatu mbele yao. Hapo mkono wa Longino ukaenda mfukoni, ukakuta vumbi. Akageuka. Nyuma yake alikuwapo bibi mwenye fimbo.

"Pita, mama," akasema. "Wewe ni mkubwa wetu."

Yule bibi akapita akimwombea baraka. Nyuma ya bibi alikuwapo mzee, naye akapishwa. Akafuata mama mwenye mtoto mgongoni, akapishwa. Kisha Longino akaona ni aibu kuendelea kukaa pale mbele akipisha kila mtu, akamwinua Oresta, wakarudi mkiani. Wakasogea tena. Wakafika tena karibu na mlango, na Longino akapisha tena. Jioni nesi akafunga mlango akasema waliobaki waje kesho.

Siku ile Oresta alikuwa na furaha. Watu walimsifu mumewe. Mama mmoja alimpa ndizi, akasema siku hizi wanaume wenye adabu kama hii wamekwisha. Oresta akamega ile ndizi akampa Longino nusu kubwa, na Longino akaila bila kuisikia utamu wake.

Siku ya pili ikawa vilevile. Wakapita kwenye mashuka, wakakaa mkiani, wakasogea, wakapisha. Sauti ya Longino ikajulikana benchi zima: pita mama, pita mzee, pita ndugu yangu umetoka mbali. Walioingia siku hiyo wakatoka na bandeji na matumaini. Oresta hakuwa tena na furaha, wala hakuuliza kitu. Alikaa ameshika ncha ya khanga, ameelekeza uso kwenye mlango asiouona, na kila mlango ulipofunguliwa aligeuka kuusikiliza. Longino alimtazama akatamani ardhi ipasuke. Siku ilibaki moja.

Kwa desturi ile ya kutoonyesha kwa kidole, Bi. Mwanaidi alifika kwenye benchi la macho mara nyingi kuliko daktari mwenyewe. Kila aliyeuliza macho yanatibiwa wapi, alimleta mpaka hapo kwa mkono wake. Siku ya kwanza alimleta bibi mwenye fimbo, akamwona mtu wa koti akimpisha, akafurahi. Alimleta mzee, akamwona akimpisha, akafurahi tena. Siku ya pili alileta watu tisa, na wote tisa akaona wakipishwa. Hapo hakufurahi. Alisimama kidogo kwenye kona ya ukumbi akamtazama yule mama wa khanga.

Siku ya tatu asubuhi, kabla mlango haujafunguliwa, Bi. Mwanaidi alikuja peke yake. Waliomfahamu walishangaa, kwa sababu alikaa. Alikaa mkiani mwa benchi, kando ya Longino, akawasalimia wote wawili, akauliza habari za nyumbani na za mvua. Kisha akasema kwa sauti ya chini, ili wengine wasisikie:

"Baba, mtu mwenye adabu hupisha wawili, watatu. Wewe umepisha hospitali nzima. Kuna nini mfukoni mwako?"

Longino akatazama mkono wake. Ulikuwa ndani ya koti. Hakujua uliingia saa ngapi.

"Hamna kitu," akasema. "Ndiyo shida yenyewe, mama. Hamna kitu."

Bi. Mwanaidi alisimama, akamshika Oresta mkono mmoja, Longino akamshika wa pili, wakaenda kwenye meza iliyokimbiwa kwa siku mbili. Hawakupita kwenye mashuka. Walipita njia ya ndani, iliyonyooka, na Oresta akasema taratibu kwamba kumbe ni karibu.

Bi. Mwanaidi akavuta droo ya chini. Akatoa bunda la karatasi lililoshikwa kwa mpira, akaliweka juu ya meza. Longino, ambaye anajua kusoma, akasoma kichwa chake kilichopigwa chapa kwa herufi kubwa: KARATASI YA MGONJWA ALIYEPOTEZA BARUA YA RUFAA. Akaisoma mara mbili. Bunda lilikuwa nene lakini lilikwisha kuliwa nusu, na chini yake, ndani ya droo, palikuwa na bunda jingine ambalo halijafunguliwa. Siku mbili alikuwa ameamini kwamba katika dunia yote hakuna aliyefanya kosa kama lake. Kumbe kosa lake lilikwisha kuchapiwa karatasi, kwa mamia, na mtu aliyefikiri mapema kwamba watakuja wa namna hii. Longino akashika ukingo wa meza, akashukuru moyoni.

Karatasi ilikuwa na maswali machache. Jina, umri, zahanati. La mwisho liliuliza: barua ilipoteaje? Bi. Mwanaidi akaweka kalamu tayari, akangoja. Longino akafungua mdomo kusema ilinyeshewa. Ungekuwa uongo mdogo, unaofanana sana na ukweli, kwa sababu mvua kweli ilinyesha. Lakini Oresta alikuwa amesimama pale, ameinua uso, anasikiliza kama alivyousikiliza ule mlango.

"Niliivuta," Longino akasema. "Kilabuni. Niliichana nikasokotea tumbaku, mimi na wenzangu, nikaivuta."

Oresta akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaishika meza, kisha machozi yakamtoka katika yale macho yenye ukungu.

"Baba Imelda," akasema, "nilijua tangu tulipotoka nyumbani. Nililipapasa koti lako nihakikishe barua ipo, nikakuta vumbi la tumbaku. Nilikuwa nakungoja useme."

"Ulijua, ukanifuata?"

"Ningefanyaje? Wewe ndiye uliyekuwa umenishika mkono."

Longino akalia hapo mezani mbele ya watu, mtu mzima, wala hakujificha. Bi. Mwanaidi akaandika kwenye karatasi, *iliharibika kabla ya safari*, akasema inatosha, hayo mengine ni ya nyumbani kwenu. Kisha akanyanyua simu, akatafuta namba ya zahanati kwenye orodha iliyobandikwa ukutani, akapiga. Tabibu mkali akapokea. Akafungua daftari lake, maana kila anachoandika kwenye barua huandika na humo, akasoma vipimo vyote kimoja kimoja. Mwisho akauliza, "Wamefika salama? Nimekuwa na wasiwasi nao." Longino alisikia maneno hayo kwenye simu, akainamisha kichwa. Huyo ndiye mtu aliyeogopa kumrudia.

Walipofika tena kwenye benchi, lilikuwa limejaa mpaka mlangoni, na mkia wake ulikuwa umekunja kona. Longino alipiga hesabu akaona hawatafikiwa. Lakini karibu na mlango walikaa watu wenye bandeji, wale waliotibiwa siku mbili zile, waliorudi kufunguliwa au kutazamwa tena. Walikuwa hawamjui kwa sura, wengi wao walikuwa hawaoni walipopishwa. Longino akamwambia Oresta, "Twende mkiani, mama," na bibi mwenye fimbo akainua kichwa.

"Hiyo sauti," akasema. "Si ndiye yule wa pita mama, pita mzee? Bado hujaingia, mwanangu?"

Benchi likanong'ona, kisha likasogea. Wale wa bandeji walibanana, na wasiomjua wakabanana pia kwa kuwaona wenzao. Ikapatikana nafasi ya watu wawili, mbele kabisa. Longino akakaa huku uso unawaka, kwa kuwa alijua ile adabu waliyomlipia ilikuwa woga mtupu. Wao walikuwa wameipokea kama wema, na sasa wanairudisha ikiwa wema wa kweli. Hakuwa na la kufanya ila kupokea. Nesi akatoka, akaichukua ile karatasi, akaitazama kidogo kama anavyotazama barua zote, akasema, "Oresta Mligo, ingia."

Bandeji ilifunguliwa kesho yake asubuhi, kabla madaktari hawajaondoka. Oresta alipepesa, akatazama dirisha, akatazama mikono yake. Kisha akageuka kwa mumewe akamtazama kwa muda mrefu.

"Umezeeka, Baba Imelda," akasema.

"Nimezeeka siku hizi tatu," akajibu.

Wakamshukuru daktari, wakamshukuru nesi, wakamshukuru Mungu, wakakimbilia gari ili wamwone mtoto kabla hajalala. Walimwona. Oresta alimbeba mpaka dirishani penye mwanga na akasema pua ni ya kwake na hakuna wa kubisha. Ni hapo, mtoto alipokuwa akimvuta babu yake mfuko wa koti, Longino akakumbuka kwamba kuna mtu mmoja hawakumshukuru. Mara zote mbili walipopita mezani, siku ile ya kutoka, kiti kilikuwa kitupu.

Baada ya mwezi walitakiwa kurudi ili nesi alitazame jicho. Longino akachambua viazi vyake, akachukua vile vya ukubwa mmoja, akajaza mfuko, akaubeba mwenyewe begani. Waliingia kwa mlango mkubwa. Oresta akaenda macho peke yake, kwa miguu yake, maana sasa njia aliijua na aliiona. Longino akaenda moja kwa moja mezani. Hapakuwa na mtu. Akangoja. Maneno yake alikuwa ameyapanga tangu kwenye gari, mazuri na marefu, yenye baraka mwanzoni na mwishoni.

Alipokuwa akingoja, aliona nje ya mlango mtu mzima wa makamo yake, ameongozana na mama anayechechemea. Yule mtu alifika karibu, akaiona meza, akasita. Alirudi nyuma hatua mbili. Akatazama upande wa kufulia, ambako mashuka yalikuwa yakipepea, kisha akamvuta mama mkono. Mkono wake mwingine ulikuwa ndani ya koti.

Longino alijua mkono ule unashika nini. Akatazama kushoto na kulia amwone Bi. Mwanaidi, hakumwona. Akafikiri angemwita yule mtu kwa sauti, au angemwonyesha kwa kidole kwamba meza ni hii. Kisha akautua mfuko wa viazi juu ya kile kiti chenye nailoni, akatoka nje, akawafikia wakiwa wameikaribia kamba ya kwanza ya mashuka.

"Shikamoo, mama. Ndugu yangu, habari za safari," akasema. "Hata mimi yangu ilipotea. Njoo, karatasi zake ziko droo ya chini."

Yule mtu akautoa mkono kwenye koti. Wakarudi wote watatu kwa mlango mkubwa. Ndani ya ukumbi wakakutana na Bi. Mwanaidi, ambaye alikuwa amemshika mkono mzee mmoja akimpeleka maabara. Alimtambua Longino. Akawaona watu aliokuwa akiwaongoza, akatabasamu, akamwambia droo haijafungwa, naye atarudi sasa hivi. Kila mmoja akaendelea na mtu wake. Yale maneno mazuri na marefu Longino hakupata nafasi ya kuyasema siku ile, na Bi. Mwanaidi hakuonekana kuyakosa.

Basi nawauliza ninyi mliokwisha kushikwa mkono mkafikishwa: viti vyenu vina hali gani, na viatu vyenu je?